Taa ya Laithausi: GPS imeimaliza kazi au bado?

Ukitaja Laithausi hapa Mombasa, yaani pale Ras Serani penye taa ya kuongozea meli, akili ya mtu inakwenda kwa mihogo ya pilipili na ndimu, madafu, na magari yamejipanga jioni yakiangalia bahari, taa yenyewe hata haitajwi. Kwa hivyo nawaelewa wanaouliza kwani hii taa bado ya nini, si kila meli ina GPS, na meli kubwa haiingii bandari ya Kilindini mpaka rubani wa bandari apande? Hoja yao ina uzito. Nahodha wa leo haji kwa macho kama wale wa majahazi ya kaskazi, na chumvi ya pale inakula chuma na rangi, matengenezo hayaishi.

Lakini hebu angalieni mlango wenyewe wa bandari. Upande wa kaskazini kuna mwamba wa Leven, kusini Andromache, yote majina ya manowari za Kiingereza za miaka ya 1820, halafu ukishapita hapo njia inapinda kuelekea Likoni ambako feri zinakatiza usiku na mchana. Taa za kuongozea za Ras Serani zinafanya kazi kwa akili rahisi sana: moja mbele iko chini, nyingine nyuma iko juu, nahodha akiziona zimesimama mstari mmoja basi yuko kwenye njia, zikiachana ajue anavutwa kwa mwamba. Haihitaji setilaiti. Na Bahari ya Shamu miaka hii meli zimelalamika GPS kuvurugwa, sasa hapo utategemea nini?

Rasi hii ilijulikana kitambo, Wareno walijenga kingome kidogo hapo, ukiacha Fort Jesus ya 1593. Reli ilipoanza 1896 na gati za maji makuu Kilindini zikafunguliwa 1926, mzigo wa nchi nzima na Uganda ukawa unapita chini ya hiyo rasi.

Wapo wanaotaka pawe makumbusho, na tangu bustani ya Mama Ngina itengenezwe 2019 watu ni wengi kweli, watoto wa shule wangefaidika sana. Mimi nakubali, ila kwa mpango huu: taa iwake kwanza, wageni baadaye. Wakiingia waonyeshwe zile taa mbili zinavyopangana mstari, wasiishie kupiga selfi, na hela ya kiingilio irudi kwa rangi na chuma cha mnara.