Wewe ni wa nani?

Desemba nikishuka kwenye daladala kijijini kwetu, Old Moshi huko Kilimanjaro, mzee wa kwanza nitakayekutana naye hatauliza jina langu. Atauliza, "Wewe ni wa nani?" Nikimtajia baba, yeye atapanda hadi kwa babu, kisha kwa baba yake babu, na akifika hapo atacheka peke yake kabla ya kunihadithia jambo ambalo nyumbani hatukuambiwa. Mwaka juzi ilikuwa habari ya babu na mbuzi wa mchungaji. Sitaieleza, baba anasoma hapa.

Huku Leipzig, Ujerumani, mwaka wangu wa kumi na moja sasa, jirani yangu wa ghorofa ya chini amewafikia mababu zake wa karne ya 17 bila kuinuka kwenye kochi. Ni mama mstaafu, mpole, na siku za Jumapili mvua ikinyesha huniita tunywe kahawa. Analipia tovuti ya Archion, ambako makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani yameweka picha za madaftari yao ya ubatizo, ndoa na maziko. Ya Wakatoliki mengi yako Matricula, na huko ni bure. Kwa upande wa serikali, usajili wa vizazi na vifo ulianza nchi nzima tarehe 1 Januari 1876, na sheria imepanga siku ya kila daftari kufunguliwa: la vizazi baada ya miaka 110, la ndoa baada ya 80, la vifo baada ya 30. Mwandiko wenyewe wa kale, Kurrent, Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Yeye huiachia kompyuta kazi hiyo. Kuna programu inaitwa Transkribus, unailisha picha ya ukurasa nayo inakurudishia herufi za kawaida, ikikosea hapa na pale.

Nilimwonea wivu, sifichi. Kisha Jumapili moja akanionesha kijitabu kidogo alichorithi kwa mama yake. Kilikuwa Ahnenpass. Enzi za Hitler, mtu alipotaka kuthibitisha kwamba damu yake ni ya "Kiarya", alizunguka kwa wachungaji na ofisi za usajili kukusanya majina ya wazazi, mababu na mabibi, kila moja na muhuri wake. Nusu ya kazi anayoifurahia leo ilishafanywa wakati ule, na walioshindwa kujaza kurasa hizo vizuri tunajua yaliyowapata. "Ndiyo maana najua mengi," alisema, akakifunga. Tangu siku hiyo nikisikia mtu wa kwetu akilalamika kwamba Waafrika hatukuandika, huwa namuuliza kwanza: ungependa uandikwe na nani, na kwa kazi gani?

Maana sisi pia tumeandikwa, na mji ulioandika ndio huu ninaoishi. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 wakaanzia Machame, na mwaka 1896 wakawa kwetu, Kidia. Waliandika kila kitu: nani kabatizwa, mvua ilichelewa lini, mangi (chifu wa Kichagga) yupi kawanyima kiwanja. Walipiga na picha. Nyingi sasa zimo katika hazina ya picha za misheni inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, na unaweza kuzifungua kwa simu ukiwa ndani ya tramu. Mafaili ya wizara ya makoloni ya Ujerumani, yale yenye namba R 1001 yaliyoko Berlin, nayo yamewekwa mtandaoni. Mjukuu wa Old Moshi hahitaji tena kuomba ruhusa ya kuyaona, anahitaji Kijerumani tu. (Hilo "tu" limenigharimu miaka minne na machozi.)

Nimekesha mara nyingi nikiyapekua, baada ya zamu ya jioni hospitalini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Nimeona shule, nimeona migomba, nimeona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akiwa na theluji nyingi kuliko nilivyowahi kumwona mimi. Nimeona vijana wamepangwa mistari mitatu, kanzu nyeupe, macho makali. Maelezo ya picha yanamtaja mmisionari jina lake kamili. Wengine ni "wanafunzi". Mmoja wao ana masikio ya baba yangu. Nimemkuza mpaka akawa vinukta, na sina wa kumuuliza.

Kuna waliopata zaidi yangu, kwa njia chungu zaidi. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani palepale Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na kwetu inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alikitafuta miaka mingi hata akatoa sampuli ya vinasaba. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki. Matatu yalipata ndugu walio hai, wote Wachagga. Moja lilikuwa limeandikwa kwenye mfupa neno "Akida", naye anaaminika kuwa mshauri wa Meli. La Meli halikuwamo. Kwa hiyo jirani yangu anatema mate kwenye kichupa ili aambiwe ana asilimia ngapi za Skandinavia, na mzee wa Kilimanjaro anatoa mate yake ili aweze kuzika. Kipimo ni kilekile.

Lakini nisiipambe nyumbani kupita kiasi. Nilipoanza kujaza mti wa ukoo kwenye programu, niligombana nayo kwanza kuhusu majina: babu alisoma kwa jina la baba yake, mdogo wake akatumia la ukoo, wa tatu akaandikishwa na mwalimu kwa jina la ubatizo. Ndugu tumbo moja, majina ya mwisho matatu, na programu inawaona wageni. Tarehe nazo ni zilezile za kwetu, "mwaka wa nzige". Hayo nilisamehe. Kilichoniumiza ni upande wa kushoto wa mti, wa akina mama. Wazee wetu wanaweza kunitajia baba wa baba wa baba hadi kizazi cha saba bila kusita. Ukiwauliza mke wa huyo wa nne aliitwa nani, wanatazamana. "Alitoka Kilema," mmoja akasema. Mwingine: "Hapana, Kirua." Jina hakuna. Na yule jirani, katika madaftari yake ya mwaka 1700 na kitu, mara nyingi anakuta mama wa mtoto, jina alilozaliwa nalo, na kijiji alikotoka. Hapo karatasi imewashinda wanaume wetu, na nitalisema hata mbele ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Aliyebaki kulijua jina hilo ni shangazi yangu mkubwa. Amepita miaka 80, haoni vizuri, ila ujumbe wa sauti wa WhatsApp ameuweza kutushinda sote. Anarefusha dakika tisa, na kuku wanaingia katikati. Ndugu zangu kwenye kundi la ukoo wanapiga soga za ada za shule na Simba na Yanga, mimi nahifadhi sauti zake kwenye diski mbili. Nimesikia habari za njaa, za kahawa ya kwanza, za dada yake aliyetoroka kwenda Tanga. Mwezi jana nikamuuliza moja kwa moja: mama yake babu aliitwa nani?

Siku mbili kimya. Kisha ukaja ujumbe, mfupi kuliko wote.

"Mwanangu, hilo haliingii kwenye simu. Aliyelala chini hatajwi akiwa hajasalimiwa. Njoo, nikuoneshe isale lililopandwa kaburini kwake, pale kwenye kihamba chetu cha migomba, umsalimie, nami nitakuambia. Na usichelewe."

Kile kisanduku cha kushoto bado kitupu, na programu imekizungushia rangi nyekundu. Nimeshakata tiketi ya tarehe 12 Desemba.