Anathema si laana tu

Mwandishi wa makala moja ameeleza kwamba neno la kikanisa «anathema» maana yake ni laana. Hakukosea kabisa, lakini maelezo hayo yameacha sehemu kubwa ya maana, na kwa neno zito namna hii ufupi huo unapotosha.

Katika Kigiriki cha kale, anathema kilikuwa kitu kilichotolewa kwa mungu na kuwekwa hekaluni. Wayahudi walipotafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki, walilitumia neno hilo badala ya «herem» la Kiebrania, yaani kitu kilichotengwa kwa ajili ya Mungu pekee, mara nyingi kwa kuangamizwa, kama ulivyokuwa mji wa Yeriko katika kitabu cha Yoshua. Hapo watafsiri wa Kiswahili walichagua «wakfu», na naona walichagua vyema sana, ilhali katika Wagalatia 1:8, penye neno lilo hilo la Kigiriki, tunasoma «na alaaniwe». Neno moja la Kigiriki, basi, limetupa wakfu na laana.

Baadaye Kanisa lililifanya kuwa tamko la kisheria. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliwatamkia anathema waliofundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa. Tamko hilo lilimtenga mtu na ushirika wa waamini, wala halikuwa hukumu ya motoni, kwa maana aliyetubu aliweza kupokelewa tena. Hata hukumu za kutengana za mwaka 1054, kati ya Roma na Konstantinopoli, zilifutwa na Papa Paulo VI na Patriaki Athenagoras mwezi Desemba 1965.