Picha ya Mafuta

Nilikwenda Mlango Mmoja kununua pazia la mtumba, nikarudi na ngome ya Wareno.

Niliikuta imeegemezwa kwenye robota la majaketi: picha ya zamani ya rangi ya mafuta, kuta nene juu ya bahari, jahazi moja kwa mbali. Fremu yake iliwahi kuwa na rangi ya dhahabu. Sasa ukiigusa tu inakumwagia unga wa fukusi kwenye suruali. Anga limepasukapasuka kama tope la ziwani wakati wa kiangazi. Chini kuna kibao kidogo cha shaba: FORT JESUS, MOMBASA. Muuzaji alianzia 30,000, tukamalizana kwa 15,000.

Kwenye daladala ya Igoma konda alinidai nauli ya watu wawili, eti "mwenzako kakaa dirishani." Nikiwa bado nabishana naye, mke wangu akapiga. Spika inabwata bongofleva, mtandao unakatakata, nami napayuka: "Nimenunua picha! Fort Jesus! Ya mafuta!"

Kilichomfikia ni Yesu na mafuta. Akamwambia mama yake, aliyekuja kututembelea kutoka Magu. Na mama mkwe wangu habari njema hajawahi kukaa nayo peke yake.

Nilipofika nyumbani nilikuta kina mama wa maombi wanane kwenye mkeka, kila mmoja na kichupa chake. Mmoja alibeba chupa ya maji ya lita moja na nusu. Huyo sitamsahau.

"Karibu sana, baba Kulwa," mama mkwe akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu ng'ombe wa mwisho wa mahari aingie zizini kwao.

Nikafunua gazeti. Kimya. Mama akavaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa jahazi.

"Yesu yuko wapi?"

"Mama, hii ni ngome. Wareno walianza kuijenga 1593, wakaipa jina lake."

"Kwa hiyo mwenyewe hayumo?"

Nikajitetea kwamba ukiitazama kutoka juu, ngome ile ina umbo la mtu aliyelala, na kichwa, mikono na miguu. Bahati mbaya mchoraji aliichora kutokea baharini. Mama akainamisha shingo kushoto, kisha kulia. Mtu hakuonekana.

"Na humo ndani walikaa akina nani?"

Hapo ndipo ningenyamaza. "Wafungwa, mama. Waingereza waliifanya gereza, kuanzia 1895 mpaka 1958."

"Umeniletea gereza sebuleni?"

"Lakini mama, hata neno gereza tumelitoa kwa Wareno haohao, na kwao maana yake ni kanisa!"

Ni kweli kabisa, tena pale ngomeni kanisa lilikuwepo. Ila kuna ukweli ambao haumsaidii mtu mbele ya wakwe.

Mama mwenye chupa kubwa akakohoa. "Sawa, Yesu hayumo. Na mafuta je?"

Nikaeleza kwamba mafuta ndiyo hiyo rangi, na yalikauka zamani, pengine kabla sijazaliwa. Akaitazama chupa yake. Akanitazama mimi. Mke wangu akainuka bila neno, akaenda jikoni, akarudi na dumu la alizeti la lita tano tulilolifungua jana yake. Akaanza kumimina, kichupa baada ya kichupa, akimalizia na ile ya lita moja na nusu.

Dumu lile nililinunua ghali kuliko picha.