Kanuni za sauti zisiishie kwenye karatasi

Anayedai kwamba sauti fulani iligeuka nyingine katika historia ya lugha aiandike kanuni yake kama transdusa: mashine yenye idadi maalumu ya hali, inayosoma neno la zamani na kutoa la leo. Tangu 1972 C. Douglas Johnson alionyesha kwamba kanuni za fonolojia, mradi zisijirudie juu ya matokeo yake zenyewe, hazihitaji mashine kubwa kuliko hiyo.

Tuchukue Kiswahili. Mame-Bantu, lugha mama ya lugha za Kibantu, ilikuwa na irabu saba; i na u za juu kabisa tuziandike I na U. Katika foma, programu ya kujengea transdusa (-> ni “hugeuka”, || hutanguliza mazingira, _ ni mahali pa sauti yenyewe, 0 ni kutoweka, V ni irabu yoyote):

l -> z || _ I
I -> i, U -> u
l -> 0 || V _ V

Ziunganishe kwa .o. kwa mpangilio huohuo, tokeo la moja liingie katika inayofuata. Shina nunulI linatoa nunuzi (ndiyo mnunuzi), na nunula inatoa nunua. Ukitanguliza ya tatu, l inatoweka kabla haijawa z, unabaki na nunui. Ukitanguliza ya pili, ya kwanza haina tena I ya kuiona. Kwa sababu hiyohiyo figo ina f na pita ina p, ingawa leo zinafuatwa na i ileile: katika figo palikuwa na I iliyoigeuza p kuwa f, kisha ikapotea. Angalia pia kwamba V ina I na U ndani yake, na maneno unayoyaingiza kwenye kanuni yawe ndani ya {}; bila hivyo foma hulichukua neno zima kuwa alama moja.

Sasa pitisha msamiati wote, si mifano mitano iliyochaguliwa. Hapo kanuni ya tatu inaumbuka: inatoa nunuia badala ya nunulia, na laa badala ya lala. Je, mazingira yalikuwa finyu zaidi, au l ilirudishwa kwa mlingano, yaani kwa kuiga maneno mengine yanayofanana? Mashine haijibu, ila inakuzuia kuyafumbia macho maneno hayo, na kwangu hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Kurudi nyuma ni amri moja tu, up. Lakini nunua inaleta mashina manane: kila u huenda ilikuwa U, na kati ya u na a huenda palikuwa na l. Kuyapunguza, andika kanuni za lugha ndugu, rudisha neno lake nyuma vivyo hivyo, kisha tafuta mashina yaliyomo katika seti zote mbili.