Kofi Kingston: Kiraka Aliyevishwa Mkanda

Alfajiri ya Jumatatu, Aprili 8, 2019, nilikuwa nimekaa kitandani, simu mkononi, bando limebaki kidogo mno. Kule East Rutherford, New Jersey, ilikuwa bado Jumapili usiku. Nikamwona mtu aliyezaliwa Ghana akimbana bingwa Daniel Bryan mabega chini, refa akapiga moja, mbili, tatu. Wenzake wa kundi, Xavier Woods na Big E, wakamvamia kwa furaha, wanawe wakapandishwa ulingoni, na mkanda wa bingwa wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, kwa mara ya kwanza ukawa wa mtu aliyezaliwa barani Afrika. Nilimpigia simu mdogo wangu. Alipokea kwa sauti ya usingizi, hata salamu hakutoa. Aliuliza tu, "Kofi kashinda?"

Alfajiri nyingine, Jumamosi ya Oktoba 5 mwaka huohuo kwa saa zetu, niliamka tena. Kengele ikagongwa Los Angeles, Kofi akaruka kumwendea Brock Lesnar, Lesnar akamdaka, akamweka mabegani, akamzungusha na kumbwaga. Sekunde kumi hazikutimia. Siku 180 za ubingwa ziliisha kabla sijapata nafasi nzuri ya kuegemea mto.

Tangu siku ile nimesikia maelezo mengi kuhusu kwa nini Kofi hakubaki kileleni. Wengine husema umbo lake ni dogo kwa bingwa. Wengine husema hana maneno makali akishika maiki. Wapo wanaosema ubingwa ule ulikuwa asante tu kwa miaka 11 ya utumishi, kama saa ya ukutani anayopewa mfanyakazi anapostaafu. Hayo yote siyakubali. Ninavyoona mimi, Kofi hakudumu juu kwa sababu ofisi ya WWE ilimzoea kama kiraka, na hata baada ya kumvisha mkanda iliendelea kumtumia kama kiraka.

Sisi wa mpira tunalijua neno hilo. Beki wa kulia kaumia, kiraka anaingia. Winga ana kadi, kiraka anaingia. Kocha anampenda kwelikweli, anamsifu kila akihojiwa, lakini namba ya kudumu hampi, kwa sababu akimpa namba moja atakosa mtu wa kuziba zile nyingine.

Tuanzie mwanzo. Kofi alipotokea kwenye televisheni Januari 2008, alitambulishwa kama Mjamaika. Aliongea kwa lafudhi ya Jamaika na muziki wake ulikuwa wa kule. Mtu aliyezaliwa Ghana, akahamia Marekani utotoni, akasoma hadi akahitimu Boston College, akapewa kisiwa cha watu wengine kwa sababu kiliuzika kirahisi. Nusu ya pili ya 2009 ndipo lafudhi ilipotoweka na akaanza kutangazwa kuwa anatoka Ghana. Mimi niliyekuwa nikimwangalia tangu mwanzo nilifurahi, kisha nikaumia, maana nilitambua kwamba kwa zaidi ya mwaka mzima nilikuwa namshangilia ndugu yangu bila kujua kuwa ni ndugu yangu.

Na alianza kwa kishindo. Juni 2008, miezi mitano tu tangu aingie, alimshinda Chris Jericho na kuchukua mkanda wa Intercontinental, ule wa daraja la kati. Mwaka uliofuata ukaja ugomvi wake na Randy Orton, mmoja wa vinara wa WWE, na hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo njia ilipoonekana wazi kabisa. Oktoba 2009 aliliharibu gari la mashindano alilokuwa amepewa Orton. Mwezi uliofuata, ndani ya Madison Square Garden, alimlaza Orton juu ya meza katikati ya watazamaji, akapanda juu na kumrukia, meza ikavunjika vipande. Ukiitafuta video ile leo, sikiliza ukumbi. Hiyo si sauti ya watu wanaomshangilia mtu wa kuziba pengo. Siku chache baadaye kwenye onyesho la Survivor Series aliwaongoza wenzake dhidi ya kundi la Orton, akabaki peke yake mwishoni, akashinda.

Ulikuwa wakati wa kumpandisha, na wakamshusha. Desemba alifungwa na Orton. Mwanzoni mwa 2010, katika mechi ya watu watatu, mpangilio wa pigo la mwisho ulikwenda kombo, Orton akamfokea ulingoni mbele ya kamera akimwita mjinga, tena kwa kurudia. Mashabiki wengi wanaamini dakika ile ndiyo iliyomzika. WWE wenyewe waliichukua hadithi hiyo mwaka 2019 na kuifanya chanzo cha ugomvi mpya wa wawili hao. Mimi naona kosa moja halimzuii mtu kwa miaka tisa. Kinachomzuia ni watu wanaotafuta sababu.

Miaka iliyofuata alikuwa wa kila kazi. Leo anashikilia mkanda wa daraja la kati, kesho anaupoteza kwa kijana anayeandaliwa. Kila Januari kwenye Royal Rumble, mechi ya watu wengi ambapo anayerushwa nje na miguu ikagusa sakafu anatolewa, alisubiriwa afanye sarakasi ya kujiokoa miguu isiguse sakafu, kama mwaka 2012 alipotembea kwa mikono hadi kwenye ngazi za chuma. Tulipiga makofi, kisha dakika chache baadaye anatolewa, na tunamsahau hadi Januari nyingine. Halafu mwaka 2014 likazaliwa kundi la New Day, yeye na Big E na Woods. Mwanzo halikupendwa hata kidogo, lakini walilipigania hadi likashika mikanda ya wawili wawili kwa siku 483 mfululizo na kuivunja rekodi ya kundi la zamani la Demolition. Lilikuwa kundi la tabasamu, vicheko, ngoma na tarumbeta. Lilimpa maisha mapya, sipingi. Lakini kumbuka hilo tabasamu, nitalirudia.

Hata nafasi ya 2019 aliipata kama kiraka. Mwanamieleka mwenzake, Mustafa Ali, aliumia, ikabidi mtu azibe nafasi yake. Februari 12 Kofi akapigana zaidi ya saa nzima usiku mmoja, akamshinda Daniel Bryan, akamshinda Jeff Hardy, akamshinda Samoa Joe, ndipo AJ Styles alipommaliza. Siku tano baadaye akabaki wa mwisho na Bryan ndani ya Elimination Chamber, mechi ya watu sita ndani ya kizimba cha chuma. Ukumbi uliposimama kumpigia makofi baada ya kushindwa, ofisi ikalazimika kusikiliza. Watu walimchagua wenyewe, hakuna aliyewapangia.

Najua kuna msomaji atakayesema mieleka hii ni maigizo, matokeo yanapangwa, kwa hiyo ya nini kuumia? Lakini hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kwenye ngumi, bingwa akipigwa kwa sekunde kumi tunasema mpinzani alikuwa bora, yamekwisha. Kwenye mieleka kuna mtu alikaa kwenye kiti na kuamua iwe hivyo. Kwa hiyo tuna haki ya kumuuliza aliamua kwa nini.

Tazama zile siku 180. Kofi alimshinda Kevin Owens, akamshinda Dolph Ziggler kule Jeddah na tena ndani ya uzio wa chuma, akamshinda Samoa Joe, akamshinda na Orton mwezi Septemba. Kwenye karatasi huyo ni bingwa kamili. Lakini katika maonyesho yote makubwa ya miezi ile hakupewa mechi ya kufunga pazia hata mara moja. Bingwa wa WWE alipigana katikati ya usiku kisha akaenda kuoga, na wengine wakapewa mechi ya mwisho. Mtazamaji hahitaji kuambiwa maana yake. Anayeimba mwisho ndiye aliyetuleta ukumbini, wengine ni wa kumtangulia.

Ile mechi na Orton kwenye SummerSlam, onyesho kubwa la Agosti, iliyotakiwa kulipa deni la miaka tisa, iliisha kwa wote wawili kuhesabiwa nje ya ulingo. Nilikaa nikitazama kioo cha simu nikidhani mtandao umekata. Kama kuna mtu mmoja duniani ambaye Kofi alistahili kumlaza katikati ya ulingo siku ile, mbele ya familia yake, alikuwa Orton. Ushindi wa Septemba ulikuja, ila moto ulikuwa umeshapoa.

Kisha Lesnar. SmackDown, kipindi cha WWE cha kila wiki, ilikuwa inahamia televisheni ya Fox kwa mkataba wa zaidi ya dola bilioni moja, na usiku wa kwanza ulihitaji sura inayojulikana hata na watu wasiotazama mieleka. Lesnar alikuwa bingwa wa zamani wa uzito wa juu wa UFC, mapigano ya kweli yasiyopangwa. Mara tu baada ya kumbwaga Kofi, Cain Velasquez, aliyempiga Lesnar kwenye UFC mwaka 2010, aliingia ulingoni akiwa na Rey Mysterio, na kamera zote zikamgeukia yeye. Bingwa wa jana alikuwa bado anajikokota pembeni. Ningeweza kuvumilia hata hilo. Biashara ni biashara, na Lesnar aliwahi kuwavunja wakubwa kuliko Kofi.

Nisichoweza kuvumilia ni wiki zilizofuata. Tulipokuwa watoto kwenye kibanda umiza, tulijua kitu kimoja kuhusu filamu yoyote: steringi akipigwa vibaya katikati, tulieni, anarudi. Hata kama kafungwa kamba, hata kama adui kamchomea nyumba, anarudi. Ndiyo maana tulilipa kiingilio. Kofi alipigwa, na hakurudi. Hakupewa mechi ya marudiano na Lesnar. Hakuomba. Hakukasirika. Alirejea kwenye mechi za wawili wawili, tabasamu lilelile usoni, na Novemba 8 kule Manchester yeye na Big E wakachukua mkanda mwingine wa wawili wawili, kana kwamba Aprili haikuwahi kutokea.

Hapo ndipo nyota inapozimwa. Shabiki anaweza kusamehe sekunde kumi. Hawezi kuendelea kuumia kwa niaba ya mtu ambaye hadithi inasema haumii. Mimi nilikuwa na hasira kwa wiki nzima, na yule niliyemkasirikia kwa ajili yake alikuwa anacheza muziki.

Na wala halikuwa suala la mtu mmoja. Septemba 2021 Big E naye alichukua mkanda uleule. Januari 1, 2022, Lesnar akaingizwa dakika za mwisho kwenye mechi ya watu watano na kumlaza Big E. Naye akarudishwa kwenye mechi za wawili wawili. Machi mwaka huo alivunjika shingo. Watu wawili wa kundi moja, walipendwa namna moja, mtu aliyewanyang'anya ni yuleyule, na njia waliyorudishiwa ni ileile. Kofi alipata nafasi nyingine Julai 2021 dhidi ya Bobby Lashley, na alichofanyiwa usiku ule kilikuwa kipigo cha upande mmoja.

Kuhusu umbo sina mengi. Rey Mysterio ni mdogo kuliko Kofi na jina lake limedumu. Ila kuhusu maneno, hiyo hoja ilijibiwa Desemba 2, 2024. New Day walikuwa wanaadhimisha miaka kumi, na Big E, ambaye hajapigana tangu shingo ivunjike, alikuja kuomba arudi kukaa karibu nao. Kofi na Woods wakamgeuka. Kofi hakupiga kelele nyingi. Alimwambia rafiki yake usoni kwamba aliwaacha, na ukumbi mzima, watu waliomshangilia miaka yote, ukamzomea kwa ghadhabu niliyokuwa sijaisikia kwa muda mrefu.

Alikuwa na umri wa miaka 43 usiku huo. Tabasamu halikuwepo kabisa, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekaa na jambo moyoni kwa miaka. Mdogo wangu alinitumia kipande cha video asubuhi, bila maneno yoyote. Niliitazama mara tatu kabla ya kwenda kazini, nikiiangalia ile sura niliyoingoja tangu Oktoba 2019.