Ukipandisha Nguvu, Viputo Vinapasuka

Mashine mpya ya ultrasaundi ikizinduliwa hapa Kisumu au kule Kakamega, utepe hukatwa, hotuba hutolewa, kisha wapiga picha wa hospitali huachiwa kitabu cha maelekezo. Hilo linanikera, hasa nikifikiria viputo.

Viputo ni kontrasti ya ultrasaundi, yaani dawa inayodungwa mshipani ili damu ionekane vizuri kwenye picha: gesi nzito, kwa mfano salfa heksafloraidi, iliyozibwa ndani ya utando wa mafuta wenye unene wa nanomita chache. Vingi ni vidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, ndiyo maana hupenya kapilari, vishipa vyembamba kabisa, za mapafu bila kukwama. Baada ya dakika chache gesi hutoka kwa pumzi. Figo hazina kazi ya kuichuja. Mtu mwenye figo dhaifu na uvimbe kwenye ini, ambaye daktari anasita kumpa kontrasti ya CT, anastahili kuambiwa kwamba njia hii ipo.

Utamu wote uko kwenye mwendo wa kiputo. Wimbi la sauti likibana, kinanywea, likiachia, kinavimba. Tena kiputo cha mikromita chache hutetema vizuri zaidi kwa megahezi kadhaa, yaani mamilioni ya mitetemo kwa sekunde, masafa yale yale ambayo mashine za hospitali zilikuwa zikitumia tangu zamani. Bahati ya mtende hiyo! Utando nao una tabia zake: ukibanwa hukunjamana, ukivutwa kupita kiasi hupasuka na gesi ikabaki uchi. Mwaka 2005 mwanafizikia Marmottant na wenzake waliiweka tabia hiyo katika hesabu, wakaeleza kwa nini baadhi ya viputo hunywea sana lakini havivimbi kwa kiasi hicho. Kwa sababu mtetemo hauko sawa pande zote mbili, mwangwi hurudi na masafa ambayo probu, kile kifaa kinachowekwa juu ya ngozi, haikutuma, hasa yaliyo maradufu. Nguvu ikiwa ndogo, nyama za mwili karibu hazifanyi hivyo. Mashine ikichuja na kubakisha masafa hayo mapya, damu pekee inang'aa.

Sasa mleteni mtu aliyezoea ultrasaundi ya kawaida. Picha ikififia, mkono unakimbilia kuongeza nguvu, na viputo vinateketea mbele ya macho yake. Kipimo cha MI, kinachoonyesha ukali wa wimbi la sauti, kilichoandikwa pembeni mwa skrini kinapaswa kukaa chini, kwa kawaida chini ya 0.2. Mjuzi huvipasua kwa makusudi kwa mpigo mmoja mkali, kisha akatazama damu mpya inavyojaza ini.

Kaunti ziandike mafunzo ndani ya mkataba wa ununuzi, pamoja na programu ya kontrasti, maana si kila mashine inayo. Dawa si ya bei rahisi na ikishachanganywa hudumu saa chache tu, hivyo wagonjwa wapangiwe siku moja. Muuguzi naye aingie darasani: akiisukuma kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, viputo vingi vitapasuka kabla ya kufika mshipani.