Kamera juu ya skeiti: nani anamtazamia barabara mpiga picha?

Video za muziki za Nairobi zina picha moja inayopendwa sana. Msanii anatembea akija kwetu, kamera inarudi nyuma mbele yake kwa ulaini bila kuruka wala kutetemeka, na pembeni nganya, yaani matatu iliyopambwa, au ukuta wenye michoro unapita. Mtazamaji hawazii kwamba huenda mpiga picha alikuwa amevaa skeiti, yaani viatu vya magurudumu, akirudi kinyumenyume bila kuona aendako. Wapo wanaosema huo ni ubunifu wa kupigiwa makofi. Wengine wanauita kucheza na shingo ya mtu. Mzozo wenyewe huishia kwenye ujasiri na ustadi wa mpiga picha, na hapo ndipo ninapoona pande zote mbili zinapotea njia.

Kwanza, skeiti zinatatua tatizo la kweli. Gimbali ya mkononi, yaani kishikio cha kutuliza kamera, ina mota tatu. Kamera ikiinama, ikilala upande au ikigeuka, mota zinairudisha papo hapo. Kitu kisichowezekana kwa mota hizo ni kuzuia kamera nzima isipande na kushuka. Mtu akitembea, kila hatua inamwinua na kumshusha, na mdundo huo unajitokeza wazi pakiwa na kitu karibu na lenzi, tuseme uso wa mwimbaji. Garrett Brown, Mmarekani aliyebuni Steadicam katika miaka ya 1970, alilitatua hilo kwa mkono wa springi unaofungwa kwenye fulana ya mpiga picha, springi zikameza hatua zake. Mtambo kamili wa namna hiyo una bei yake, na ukiwekewa kamera kubwa waweza kupita kilo 20. Vijana wengi wa kazi wana gimbali tu, na ndiyo maana utawaona wakitembea magoti yamekunjwa, wakinyata. Mwenye skeiti hanyati. Hatua hazipo, kwa hiyo mdundo haupo.

Tukumbuke pia zile njia mbadala. Kuna gari la Probox lililofunguliwa buti, mpiga picha akiwa amekaa ndani miguu ikining'inia. Kuna boda boda, abiria akiwa amegeukia nyuma. Kuna kiti cha magurudumu cha hospitali, na mkokoteni kwa waliobanwa kabisa. Gari haliingii kwenye ujia wa watu, boda boda inanguruma na kutetema, na kiti cha magurudumu hakimzunguki mcheza dansi. Mtu aliye kwenye skeiti anaingia kati ya wachezaji wawili, anamzunguka mmoja, anashuka goti moja, anatoka, yote katika picha moja isiyokatwa. Kwenye barafu jambo hili limeshathibitishwa: Jordan Cowan, Mmarekani aliyekuwa mshindani wa dansi ya barafuni, amejijengea jina kwa kuwapiga wachezaji picha akiteleza pamoja nao na gimbali mkononi.

Ila Nairobi si barafu. Lami yetu ina kiraka juu ya kiraka, na vijia vingi vimetandikwa kabro, zile tofali za saruji zenye mfereji mdogo kila baada ya sentimita chache. Gurudumu gumu likipita juu yake, mtetemo wa haraka unapanda mguuni hadi kwenye kamera, na huo ni wa aina ambayo mota za gimbali hazifukuzani nao vizuri. Picha haitikisiki, inatetema kwa udogo kiasi kwamba kwenye simu huioni, halafu mteja anaiweka kwenye televisheni kubwa na kuuliza ni nini kile. Dawa inajulikana: magurudumu makubwa na laini. Ulaini hupimwa kwa kipimo cha A, namba ndogo ikiwa ndiyo laini zaidi, na gurudumu la 78A linameza kokoto ambazo la 95A lingekurushia hadi kwenye meno. Lakini laini huliwa upesi na lami yetu, tena hupunguza mwendo. Sauti nayo ina kesi yake. Skeiti juu ya kabro zinanguruma. Kwenye video ya muziki hilo si neno kwa kuwa wimbo unachezwa kwenye spika, ila kwa tamthilia yenye mazungumzo, sahau.

Kuna na hili ambalo wapenzi wa skeiti hulipita haraka. Ukisukuma kwa mguu wa kulia, mwili unaenda kushoto. Ukisukuma kwa wa kushoto, unarudi kulia. Gimbali hailizuii hilo pia. Anayejua kazi hupata kasi kabla kamera haijaanza kurekodi, kisha huacha miguu yote miwili chini, akiifungua na kuifunga taratibu bila kuinua gurudumu. Hilo halijifunzwi Jumamosi moja. Bahati nzuri ni kwamba jiji hili lina watu walioshalimaliza somo hilo zamani. Nenda Sunken Car Park katikati ya jiji siku ya Jumapili, utaona vijana wanaorudi kinyumenyume kwa raha kuliko wengine tunavyokwenda mbele. Kwa maoni yangu ni rahisi zaidi kumfundisha mmoja wao kushika gimbali kuliko kumfundisha mpiga picha wa miaka arobaini kuteleza. Mpangilio wa picha utakuwa mbichi mwanzoni. Mifupa je?

Hesabu ya mifupa ni hii. Anayeteleza kwa kilomita 18 kwa saa ana nguvu ya mwendo sawa na aliyedondoka kutoka karibu mita 1.3. Akiongeza hadi kilomita 25, ni kama kudondoka mita 2.5. Kasi imepanda chini ya nusu, pigo limekaribia kuongezeka maradufu. Na huyu si mtelezaji wa kawaida. Mikono, ambayo ingemsaidia kupata usawa na kujikinga, imeshika mashine ya bei. Akianguka, silika yake ya kwanza ni kuinua kamera, sio kulinda kichwa. Macho yapo kwenye kioo kidogo, yakimtazama msanii.

Kwa sababu hiyo swali la ujasiri halinipeleki popote. Hata mtelezaji bora kuliko wote hana jicho kisogoni. Anahitaji mwenza anayekwenda naye, mkono mmoja ukiwa umeshika mshipi wake kiunoni, akitaja kwa sauti: kokoto, ukingo, mtu, simama. Na anahitaji mahali palipofungwa: uwanja wa maegesho asubuhi ya Jumapili, ukumbi, ua wa kiwanda. Barabara ya Expressway, kilomita 27 za lami safi kutoka Mlolongo hadi Westlands, ingekuwa ndoto, ila si ya watembea kwa miguu, sembuse watelezaji. Kupiga filamu ya kuuzwa au kuonyeshwa umma kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na kanjo, askari wa jiji, hawatakuuliza kama gimbali yako ni ya mota tatu.

Mwenza huyo ndiye wa kwanza kufutwa bajeti inapobana. Wenye kazi hutoa sababu: ni siku moja tu, kijana ana uzoefu, amekubali mwenyewe. Nawaelewa, wengi wao wanazalisha kwa pesa za mfukoni. Lakini Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 imeandikwa kwa ajili ya mwajiriwa, na kijana aliyeitwa kwa simu Ijumaa jioni hana mkataba wala bima. Akivunjika kifundo, bili ni ya mamake.

Bajeti isipombeba mwenza, basi skeiti zivuliwe. Wekeni lenzi pana, pigeni kwa fremu 50 kwa sekunde, na mhariri aicheze kwa 25. Mdundo wa hatua utabaki kidogo tu, na msanii itambidi aimbe kwa kasi maradufu ili midomo ioane na wimbo.